Kanga Nyekundu Katika Picha Isiyo na Rangi

Vijana wangu wa chumba cha mavazi,

Siku mliyoniaga mlinipa redio, na mmoja wenu akaniomba niandike mambo ya zamani kabla hayajasahaulika. Redio nilikuwa nayo, kwa hiyo hiyo yenu nimempa mpwa wangu, msinikasirikie. Ombi la kuandika nimelitimiza mwenyewe. Sitaeleza nilipandishwa cheo lini wala na nani. Hayo yako ofisini, na hata huko sidhani kama yanamfurahisha mtu. Nitaeleza nilivyojifunza kuwavalisha watu wa sinema wakati wa Mwingereza, na habari za bibi mmoja wa Temeke. Nitamwita Bi Hidaya. Silo jina lake, na mkifika mbele mtaelewa kwa nini nimelibadili.

Kazi niliianza nikiwa nimeachika. Ndoa yangu ya kwanza haikudumu, nikarudi Temeke kwa shangazi yangu, Bi Mgeni, aliyekuwa akishona kofia za mkono. Shangazi hakuweza kumvumilia mtu anayekaa kibarazani akihesabu mawazo. Wiki haikuisha akanipeleka kwenye darasa la ushonaji la akina mama. Nilikuwa bado najifunza kutia vifungo pale alipokuja Fundi Meneze.

Fundi Meneze alikuwa Mgoa, mzaliwa wa Unguja, mwembamba, mwenye futi ya kitambaa shingoni hata anapokula. Kampuni moja ya picha ilikuwa imempa kazi ya mavazi, na kulikuwa na jambo moja asiloliweza: wanawake wetu wasingekubali kuvalishwa na mwanamume. Alimwambia mwalimu wetu anataka mtu anayejua sindano na asiyeogopa kusema na watu. Mwalimu akanyoosha kidole kwangu.

"Mchukue Tatu. Huyu haoni haya."

Mpaka leo sijajua kama nilisifiwa au nilisemwa.

Kazi yenyewe ilikuwa Kinondoni, ambako siku hizo kulikuwa na minazi, mikorosho na nyumba zilizoachana mbalimbali. Tulifanyia katika banda la bati lililokuwa ghala la mbata. Harufu ya mbata haikutoka kamwe. Nguo zetu zote zilinukia nazi iliyokauka, na nadhani ni heri sinema haina harufu.

Siku ya kwanza nilikwenda nimevaa vizuri, mkononi nina kibati changu cha sindano, nikitegemea kukalishwa kwenye cherehani. Fundi akanipa ndoo mbili, jiko la mkaa na pakiti za majani ya chai.

"Chemsha chai nyingi," akasema. "Kisha utie kanzu zile."

Kanzu zilikuwa mpya, nyeupe pe. Nikamwangalia nione kama anatania. Hakuwa mtu wa utani kabla ya saa nne. Nikachemsha, nikatia, nikakoroga na ufito, nikazitoa zina rangi ya meno ya mzee. Ndipo aliponieleza: picha zetu hazikuwa na rangi, ni weusi na weupe tu na vivuli vya katikati, na nguo nyeupe juani huwaka mpaka uso wa mtu unapotea. Ukiitia chai, kwenye picha inaonekana nyeupe safi, na uso wa mtu unabaki mahali pake. Jioni nikamsimulia Shangazi.

"Chai yote hiyo," akasema, "na hakuna aliyekunywa?"

Hilo ndilo lilikuwa somo la kwanza. Somo la pili lilikuwa kuzeesha nguo mpya. Kola na magoti tulivisugua kwa kipande cha tofali. Mifukoni tulitia mawe, tukaliacha koti limening'inia mpaka lilegee kama la mtu aliyelivaa miaka. Udongo mwekundu wa Pugu nilikatazwa kuutumia, ingawa ulikuwa ukija bure kwenye magurudumu ya lori, kwa sababu kwenye picha ulionekana kama grisi. Tulitumia majivu. Nyie leo mna dawa za chupa za kufanyia kazi hiyo, na nimeziona zikifanya vizuri, lakini tofali halijapitwa na wakati.

Chombo nilichokipenda kuliko vyote kilikuwa kipande cha kioo cha rangi ya kahawa, kidogo, kinachoingia kiganjani. Ukikiweka jichoni, rangi za dunia zinakwisha, unabaki kuona giza na mwanga, kama picha itakavyoona. Fundi alinipa nikakaa mlangoni kutwa nzima nikitazama kanga za wanawake waliokuwa wakipita kwenda kisimani. Kanga ya buluu na kanga ya kijani, ambazo kwa jicho hazifanani hata kidogo, kwenye kioo zilikuwa ndugu. Ya njano ikawa kama nyeupe. Nyekundu iliyoiva ikawa nyeusi. Nilishangaa. Nilidhani nguo ninaijua, kumbe nilijua rangi tu.

Kwa picha tatu mfululizo nilibaki nikiitwa mwanafunzi. Picha ya kwanza ilihusu uvuvi, nayo tulipigia Msasani, wakati huo ni kijiji cha wavuvi na mitego yao. Mmoja wa wavuvi tuliowachukua alivaa shati la mistari siku ya kwanza. Siku ya pili akaja kifua wazi. Shati kampa shemeji yake, na shemeji kaondoka nalo kwenda harusini Pugu. Kwenye sinema mtu anaingia ndani ya mtumbwi leo na anashuka keshokutwa, lakini mtazamaji anaona ni dakika ileile, sasa atashukaje bila shati? Fundi alipanda baiskeli mpaka Pugu, akalikuta shati linacheza ngoma. Akalisubiri. Alirudi nalo limelowa jasho, na tangu siku hiyo nguo za picha hazikulala tena na mwigizaji. Mkiona mimi mkali kwenye jambo hilo, chanzo ni shemeji yule.

Picha ya pili niliumwa sikuifanya sana. Ya tatu ndiyo ya Bi Hidaya.

Aliyekuwa akiongoza picha zetu alikuwa Mwingereza mrefu, mpole, asiyepandisha sauti, ambaye sote tulimwita Bwana Picha. Kiswahili alikijua cha kuombea maji na kushukuru. Yaliyobaki alimwambia Fundi kwa Kiingereza, na Fundi akatuambia sisi. Picha ya tatu ilihusu bibi wa shamba ambaye mjukuu wake anaumwa. Bibi anambeba mgongoni, anakwenda naye kwa miguu mpaka hospitali, mtoto anapona. Basi. Serikali ilitaka watu wapeleke watoto hospitali mapema.

Bi Hidaya alionekana Temeke akikaanga vitumbua. Bwana Picha alipita na gari, akasimama, akarudi nyuma. Kwa kweli uso wake ulikuwa wa kumsimamisha mtu: mashavu yaliyoingia ndani, macho makubwa yasiyo na haraka. Alipoambiwa atatokea kwenye sinema alicheka mpaka kitumbua kikaungua. Kesho yake mtaa mzima ulikuwa unajua. Wajukuu zake walitembea mbele yake kama tarishi, wakitangaza.

Sinema haipigwi kwa mpangilio wa hadithi. Sisi tulianza na mwisho, mtoto amekwisha pona, bibi yuko uani kwake amevaa kanga nzuri, majirani wamekuja kumpongeza. Bi Hidaya alifanya vizuri mno. Alisahau kabisa kuwa kuna mashine mbele yake, akamkemea jirani mmoja aliyesimama kwenye maua yake. Bwana Picha alifurahi, akataka hilo libaki.

Kisha ikaja zamu ya ile safari ya kwenda hospitali. Bwana Picha alitaka bibi avae kaniki, ile nguo ya rangi moja, nyeusi inayoelekea buluu, isiyo na ua wala pindo. Alikuwa na sababu, tena ya kikazi. Hospitalini kila kitu ni cheupe, kuta, mashuka, manesi. Bibi akiingia na weusi wake, macho ya mtazamaji yatakwenda kwake moja kwa moja. Mimi mwenyewe niliona ni sawa. Kaniki ilikuwa nguo ya kawaida ya shamba. Shangazi alikuwa nazo mbili. Nikainunua, nikaifua mara kadhaa mpaka ikaacha kutoa rangi, nikaizeesha kwa tofali, nikaona nimefanya kazi nzuri.

Bi Hidaya alikuja bandani asubuhi ya kujaribu nguo. Nikamwamkia, akaitika, tukaulizana habari za nyumbani. Nikaikunjua kaniki mbele yake.

Akaishika ncha kwa vidole viwili.

"Hii ya nani?"

"Yako, Bibi. Ya safari ya hospitali."

Akaichukua kutoka mikononi mwangu. Nilidhani anaijaribu. Akaikunja vizuri, kwa mara nne, akaiweka juu ya meza, akavaa ndara zake, akatoka. Hakusema kwaheri. Nilimwona kupitia mlangoni anakwenda zake taratibu katikati ya minazi, kanga yake ya njano ikizidi kuwa ndogo.

Fundi alipopata habari alikaa juu ya kreti. "Umemwambia nini?"

"Sijamwambia kitu."

"Binti, mwisho wa hadithi tumekwisha kuupiga. Hakuna bibi mwingine mwenye uso ule. Nenda kaseme naye."

Nikaenda jioni ileile na Shangazi, maana haikuwa heshima kumwendea mtu mzima na maneno mazito peke yangu. Bi Hidaya alitupokea vizuri. Akatukaribisha kwenye mkeka, akatuletea vitumbua, akazungumza na Shangazi habari za bei ya mchele. Nilipotaka kuanza, Shangazi akanibana paja. Tukakaa mpaka wajukuu wametumwa dukani. Hapo ndipo Bi Hidaya aliponigeukia.

"Mwanangu, umeudhika?"

"Hapana, Bibi. Nataka kujua nimekosea wapi."

"Hukukosea. Hujui." Akapangusa mkeka mahali ambapo hapakuwa na kitu. "Mama yangu alikuwa mtu wa watu, huko kusini. Unanielewa?"

Nikamwambia namwelewa: mama yake alikuwa mtumwa. Shangazi akainamisha kichwa.

"Kwenye nyumba ile wenyewe walivaa nguo za maua. Sie tulivaa kaniki, wakubwa kwa watoto. Ukipita njiani, mtu haulizi huyu nani. Anaiona nguo, basi. Nami nimeivaa, nikiwa mdogo kama huyu wangu wa mwisho. Tulipotoka pale Mama alifanya kazi za watu msimu mzima, akanunua leso moja ya kujifunga, yenye maua. Akaikata katikati. Nusu yake, nusu yangu. Zile kaniki akazitia motoni. Akanambia, hata ukilala na njaa, hii usiivae tena."

Nje wajukuu walikuwa wanarudi, tukawasikia wanagombana.

"Hapa Temeke hakuna anayejua," akasema kwa sauti ya chini. "Nimeolewa hapa, nimezaa hapa, mume wangu nimemzika hapa. Sasa nyie mnataka niivae mbele ya watu wote. Na mie hiyo sinema naitaka, msidhani siitaki. Nimewaambia watu."

Kesho yake nilimweleza Fundi, si yote, ila ya kutosha. Alisikiliza, akatoa kile kioo cha kahawa mfukoni, akavuta kanga nyekundu kwenye rundo, akanipa nitazame.

"Unaona nini?"

"Nyeusi."

"Basi. Yeye atavaa nyekundu. Bwana Picha atapata nyeusi. Kila mtu ataridhika."

"Na siku ya kuonyeshwa? Atakaa na majirani zake, ajione kwenye kaniki."

Fundi akakunja kanga. "Siku hiyo kazi yetu itakuwa imekwisha."

Hakuwa mtu mbaya, na sitaki mmuone hivyo. Alikuwa na watoto, na kazi ya picha ilikuwa ya kupewa leo na kunyang'anywa kesho. Lakini maneno yale hayakunikaa. Niliendelea kumwona yule bibi ameketi kwenye mkeka wake. Tukilidanganya jicho lake leo, sinema itakuja kumwambia ukweli mbele ya watu, na hapo hatakuwa na pa kukimbilia.

Siku ya kupiga picha tulikwenda njia ya Pugu, mahali penye mteremko na miti. Nilikuwa nimepigiwa hema dogo la kuvalishia wanawake. Bi Hidaya alipoiona kanga nyekundu uso ukamfunguka. Akajifunga, akajitanda, akajigeuza huku na huku. Nje Bwana Picha alikuwa anaangalia mbinguni, maana mawingu yalikuwa yanakusanyika na jua lilikuwa la kuibia. Fundi alisimama mlangoni mwa hema, mgongo ametugeuzia.

Nikatoa kioo. "Bibi, kabla hujatoka. Jitazame kwa hiki."

Fundi aligeuza kichwa kidogo, kisha akakirudisha. Hakunizuia.

Bi Hidaya akakiweka jichoni, akaangalia magoti yake. Nikaona mkono wake mwingine unaikamata nguo.

"Watu wataniona hivi?"

"Ndiyo, Bibi. Picha haijui nyekundu."

"Mbona hukuninyamazia?"

"Nimeshindwa."

Akakitoa kioo, akaitazama kanga, nyekundu. Akakirudisha, akaitazama tena. Nilikuwa nimekwisha kujiandaa kumvua na kwenda kumwambia Bwana Picha kuwa hakuna picha. Lakini alikuwa anaisogeza nguo mbele ya jicho, pole pole, mpaka akafika kwenye pindo, ambako kulikuwa na vidoa vidogo vyeupe.

"Hivi vyeupe vinabaki vyeupe."

"Vinabaki."

"Kaniki haina ua." Akanishika mkono. "Nitafutie nyekundu yenye maua makubwa, meupe. Makubwa, mwanangu, kama sahani. Hapo nitatembea mpaka hiyo hospitali, hata mkitaka nifike kweli."

Nikakumbuka mwanamke mmoja kati ya waliokuja kutazama. Nilimwona pale barabarani, amejitanda kanga nyekundu yenye maua meupe mapana. Nikamkimbilia, nikampa yetu na ahadi ya kumrudishia yake picha ikiisha, akakubali kwa kicheko. Bi Hidaya akabadilisha, akatoka hemani kichwa juu, mtoto mgongoni.

Bwana Picha akamtazama, akaweka kioo chake jichoni, akasema jambo na Fundi. Nilielewa neno moja tu, kaniki. Alitaka ile ya wazi, isiyo na maua. Nilijua iko kwenye sanduku letu, kavu, imepigwa pasi. Fundi akaenda kwenye lori. Nikasema basi, imekwisha. Akarudi na ndoo. Ndani yake kaniki ilikuwa imelala chini ya maji.

Akamweleza Bwana Picha kwa Kiingereza, kwa masikitiko makubwa. Baadaye aliniambia alichosema: mwanafunzi ameiloweka kimakosa. Bwana Picha akaitazama ndoo, akanitazama mimi, akatazama mawingu. Akapumua.

"Haya," akasema kwa Kiswahili. "Twende."

Alipopita karibu yangu Fundi alininong'oneza, "Ukilaumiwa, itika." Sikulaumiwa. Bibi alitembea mteremko ule mara tano, kila mara kama mara ya kwanza, na jua likakubali kungoja.

Miezi kadhaa ikapita kabla picha haijarudi kutoka Ulaya ilikosafishwa. Gari la sinema lilikuja Temeke likatandika shuka kubwa jeupe uwanjani, na baada ya magharibi watu wakajaa. Bi Hidaya alikaa mbele kabisa, wajukuu wamemzunguka, mimi pembeni yake, Shangazi nyuma. Fundi Meneze alisimama karibu na mashine ya kuonyeshea, futi shingoni.

Picha ikaanza. Njia ndefu, miti, na kwa mbali sana mtu mmoja anakuja. Kwa umbali ule maua hayakuonekana. Alikuwa mweusi tu, mdogo, ameinama na mzigo mgongoni. Bi Hidaya akanikamata kiganja. Alinibana mpaka mifupa ikauma. Nilitamani kumwambia asubiri. Mtu yule akazidi kuja. Akawa na miguu, akawa na mikono. Kisha, pale mteremko unapoishia, maua yakatokea, kwanza kama madoa, halafu makubwa, meupe, yakijaa shuka lote pamoja na uso wake.

Mkono ukaniachia.

"Ile nyekundu," akamwambia jirani yake, kwa sauti ya kusikika. "Nyie hamuioni, ila kanga ile nyekundu."

"Ipi?"

"Ile niliyovaa! Nyekundu!"

Wajukuu wakaidaka. "Nyekundu!" Watoto wengine wakaitikia, na kila Bi Hidaya alipotokea, mlangoni mwa hospitali, kitandani kwa mtoto, mbele ya nesi, uwanja mzima ulipiga kelele, nyekundu, nyekundu, watu wazima nao wakajiunga bila kujua wanashangilia nini. Bi Hidaya alikaa wima katikati yao, akitikisa kichwa kukubali, kama mtu anayesomewa jina lake.

Mwendesha mashine aliyekuja na gari la sinema, kijana mgeni kutoka bara, alishindwa kuelewa. Aliitazama picha, akaona weusi na weupe. Akatoa leso mfukoni, akakifuta kioo cha mashine yake vizuri, akatazama tena.